Kwa sababu chati inataka

Leo siku ya nne, na lile jibu bado linanirudia. Wiki ilikuwa na mengi: Mama katolewa mtoto wa jicho salama, ratiba ya zamu imepanguliwa tena, Dada amehama. Lakini nikikaa kimya ninachosikia ni yule mwanafunzi wetu wa uuguzi, yule wa maswali, kando ya kitanda cha mgonjwa: "Sista, kama oksijeni yake ni 97, tunamhesabia pumzi za nini?"

Nikamjibu, "Kwa sababu chati inataka, mdogo wangu."

Akasema, "Sawa, Sista," akaandika 20.

Ile "sawa" ndiyo inayoniuma. Aliomba sababu, nikampa amri, naye akaipokea kwa adabu.

Na swali lake halikuwa la mchezo. Alikuwa amejenga hoja kamili: oksijeni ikishuka, mgonjwa yuko hatarini, haijashuka, basi hayuko hatarini. Mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu haizaliwi nazo. Mvua ikinyesha, ua hulowa, lakini isiponyesha huwezi kuapa kwamba ua ni mkavu, maana huenda bomba limepasuka usiku. Hatari ina milango mingi, na oksijeni kushuka mara nyingi ni mlango wa mwisho kufunguka.

Kile kibanio cha kidoleni kinachotupa hiyo 97 hupitisha mwanga na kukadiria ni asilimia ngapi ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyobeba mzigo wake. Hakina habari himoglobini yenyewe ni kiasi gani, kwa hiyo mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 huku mwili una njaa ya oksijeni. Hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, hakiipimi kabisa. Mgonjwa aliyechomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayopunguza kasi ya kupumua, akiwa na barakoa ya oksijeni, anaweza kupumua mara 8 tu kwa dakika na 97 ikabaki palepale, huku hewa ukaa ikijaa na usingizi ukizidi kuwa mzito. Mwenye kisukari ambaye damu imejaa asidi atahema haraka na kwa kina, ilhali mapafu ni mazima na oksijeni haina kasoro. Bado hujataja vidole vya baridi na rangi ya kucha vinavyokivuruga kipimo, wala ngozi nyeusi ambayo kipimo wakati mwingine huisomea juu kuliko ukweli.

Ila kubwa kuliko yote, ambalo ningelisema hata kama nina nusu dakika: ile 97 haisemi imepatikana kwa jasho gani. Mmoja anaipata kwa pumzi 16, amelala zake. Mwingine anaipata kwa pumzi 28, mabega yanapanda, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea ndani, anaongea maneno mawili mawili. Kwenye kioo cha mashine wawili hao ni mapacha. Wa pili akichoka, namba itaanguka, na tutasema amebadilika ghafla.

Halafu ile 20 yenyewe. Alihesabu sekunde 15 akazidisha kwa 4, nilimwona, nami nikanyamaza. Ukihesabu hivyo majibu yako yatakuwa 12, 16, 20, 24, basi. Hakuna 18, hakuna 21. Pumzi moja iliyokuponyoka inakuwa nne kwenye chati. Kwenye NEWS2, alama za kupima hatari ya mgonjwa (zikipanda, hatari inapanda) za Royal College of Physicians ya Uingereza, toleo la 2017, pumzi 12 hadi 20 ni sifuri, 21 hadi 24 ni alama 2, na 25 kwenda juu ni 3, na hiyo 3 ya kipimo kimoja peke yake inatosha kumwita daktari kwa haraka. Kati ya kuhesabu 5 na kuhesabu 6 ndani ya robo dakika, mgonjwa anatoka sifuri anaingia 2. Chati iliyojaa 20 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, kila zamu, hainipi amani hata kidogo.

Nimeandika hadi hapa nikiwa na uchungu, lakini jana kulikuwa na jambo. Asubuhi nilimwita pembeni nikamweleza yote haya, nikamwomba radhi kwa lile jibu. Hakusema mengi. Mchana namwona ameshika kifundo cha mkono cha mgonjwa kana kwamba anahesabu mapigo, kumbe macho yako kifuani, kwa sababu mtu akijua unamhesabia pumzi hubadilisha anavyopumua. Saa iko mkononi, dakika nzima, hageuki hata alipoitwa. Akaja: "Sista, oksijeni 96. Pumzi 27."

27! Namba hiyo huipati kwa kuzidisha kwa 4, wala kwa 2. Imehesabiwa moja moja. Tukamwita daktari, mgonjwa akashughulikiwa mapema, na mimi nilibaki nimeshika ile chati kwa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini.

Kinachonikosesha usingizi sasa hivi ni Mama. Matone yake ya macho ni ya aina mbili, na kati ya moja na nyingine anatakiwa kusubiri angalau dakika 5, la sivyo la pili linalisukuma la kwanza nje. Kwenye simu ameniambia anayaweka yote kwa mpigo ili amalize haraka. Dada hayupo tena pale nyumbani, na mimi zamu yangu ni ya usiku hadi Jumapili.