Kiwiko cha mtoto kilichovimba baada ya kuumia: ultrasaundi kabla ya eksirei

Kunja kiwiko nyuzi 90, paka jeli nyingi, kisha weka proba bapa (kichwa cha mashine ya ultrasaundi) nyuma ya mkono, juu kidogo ya ncha ya kiwiko. Kwenye skrini, tazama kishimo cha mfupa. Mafuta yaliyomo yakibaki chini ya ukingo, mara nyingi hakuna mvunjiko. Yakiinuka kama tanga lililoshika upepo, yaelekea kiungo kimejaa damu na eksirei ni lazima. Usikandamize! Mafuta yatarudi shimoni, udanganyike. Mkono ulionyooka nao huyasukuma juu bila mvunjiko wowote, kwa hiyo linganisha na kiwiko cha pili kisichoumia. Nundu ya mfupa upande wa ndani wa kiwiko huweza kuvunjika bila damu kuingia kwenye kiungo: mtoto akilia ukimgusa hapo, apigwe eksirei hata kama ultrasaundi ni safi.