Beti za katikati

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu mkataba wangu wa kazi uishe mwezi wa tano, siku zinanichanganya. Mwenye kazi anaijua Jumatatu kwa foleni ya daladala na sura ya bosi wake. Mimi naamka, watoto wanaondoka kwenda shule, nyumba inanyamaza, na saa nne ya asubuhi inakaa palepale haiondoki. Barua za maombi nimepeleka kila nilikoelekezwa. Majibu bado. Kanisani nako tumo katika yale majuma marefu ya baada ya Utatu: kitambaa cha madhabahuni kijani Jumapili hii, kijani Jumapili ijayo, Pasaka imeshapita, Krismasi iko mbali. Kinachonijulisha kwamba juma limesogea ni mazoezi ya kwaya ninayoiongoza. Yakifika ya Alhamisi, najua tumevuka.

Fungu lililonishika juma hili wote tunalijua kwa moyo: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Musa, mtu wa Mungu, anaomba afundishwe kuhesabu! Wenzangu mliowahi kukaa nyumbani bila kazi mtanielewa nikisema kalenda haifundishi hilo. Unahesabu siku, na badala ya hekima unapata hofu ya kodi ya nyumba. Nami nimeanza kuamini kwamba shule ya kuhesabu siku Mungu ameiweka karibu yetu kuliko tunavyofikiri, ameiweka katika wimbo.

Maana wimbo ni nini? Picha ya ukutani unaiona yote kwa kuitupia jicho mara moja. Wimbo haukubali hivyo. Ukitaka kuusikia wote kwa mpigo mmoja utapata kelele. Sauti hii lazima ikubali kwisha ndipo ile ipate nafasi, na wewe unayeimba huna kitu ila hiyo moja iliyopo mdomoni. Iliyopita imekwenda, inayokuja hujaipata, lakini hakuna anayekuona akafikiri unaokota sauti mojamoja. Unaimba wimbo, na unajua unakokwenda.

Mwafrika mwenzetu Augustino, yule mwalimu wa Kanisa, aliliwaza hili zamani sana. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akabatizwa na Askofu Ambrosio huko Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mwaka uleule mama yake, Monika, akafariki Ostia wakiwa njiani kurudi Afrika. Katika kitabu chake, Maungamo, Augustino anasimulia kwamba siku ya mazishi machozi yalikataa kutoka. Akaenda hata kuoga, akitumaini maji yatamwondolea uchungu, haukuondoka. Akalala. Alipoamka zikamjia beti za wimbo wa jioni aliotunga Ambrosio, wa kumsifu Mungu muumba wa vyote, anayeuvika mchana nuru na kuupa usiku usingizi ili viungo vilivyochoka vipate nguvu tena. Ndipo akaweza kulia.

Wimbo huohuo ndio aliorudi kuutumia baadaye alipojiuliza wakati ni kitu gani. Akauchukua mstari wake wa kwanza, wenye silabi nane, fupi na ndefu zikipokezana, akauliza: najuaje kwamba ndefu ni mara mbili ya fupi? Ikiwa bado inaimbwa siwezi kuipima, maana haijaisha. Ikiisha, haipo tena. Akaona kwamba tunachopima ni kile kilichobaki ndani ya roho. Mtu anayeanza zaburi anayoijua anaitarajia yote. Kila neno likitoka kinywani, kitu kinatoka kwenye matarajio kinahamia kwenye kumbukumbu, mpaka matarajio yaishe na zaburi yote iwe kumbukumbu. Na hivyo ndivyo yalivyo maisha yote ya mtu, anasema, na ndivyo zilivyo zama zote za wanadamu. Nilisoma maneno hayo nimekaa jikoni, chai imepoa, nikashindwa kuendelea na ukurasa mwingine.

Sisi wa kwaya tunayo njia yetu ya kuliona. Mnazijua nota zetu ubaoni, do re mi, zile alizozianzisha mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na Mchungaji John Curwen akazitengeneza na kuzieneza katika karne ya 19 hadi zikatufikia pamoja na wamisionari. Kati ya pigo na pigo tunaweka nukta mbili. Ukiona kistari, shikilia sauti uliyonayo, usiiachie. Ukiona nafasi tupu, nyamaza, lakini pigo linahesabiwa kama mengine yote. Alhamisi hii tulikuwa na wimbo ambao katika ubeti wa tatu una nafasi tupu ya mapigo mawili kabla ya kulitaja jina la Bwana. Besi wakaingia mapema. Tukarudia. Wakaingia mapema tena, safari hii kwa nguvu zaidi! Wanaume wazima, wenye sauti nzuri, hawawezi kunyamaza mapigo mawili. Nikawaambia pale hakujakosewa kitu, mtunzi amepaacha kwa makusudi, na anayeingia kabla ya wakati wake anaharibu hata sauti za wenzake.

Sasa niseme linaloniuma, na wazee wangu wa kanisa wanivumilie.

Kila Jumapili wimbo wa baada ya mahubiri ukianza, kuna mzee pale mbele ananiinulia vidole viwili. Maana yake tunaijua wote: ubeti wa kwanza na wa mwisho, muda umekwenda. Mpiga kinanda anaruka, waumini wanahangaika kutafuta mstari, tunamaliza. Halafu tunatoka nje kwenye mnada. Jogoo mmoja ananadiwa dakika ishirini, mkungu wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa, unanunuliwa tena, na hapo simwoni mtu wa kuinua vidole. Sipingi mnada, mnisikie vizuri. Ndio ulioezeka kanisa letu. Lakini muda ambao hautoshi ni muda gani, ikiwa wa jogoo unatosha?

Fungueni kitabu chenu cha nyimbo mtazame. Mara nyingi ubeti wa kwanza ni wa sifa, na wa mwisho ni wa mbinguni, taji na mto wa uzima. Katikati ndiko watunzi walikoweka usiku, majaribu, dhambi inayorudi, kaburi la mpendwa, rafiki aliyegeuka. Mama mjane wa benchi la nyuma hakuja kwa ajili ya ubeti wa kwanza. Ubeti wake ni wa tatu. Kijana aliyekosa usingizi kwa sababu ya madeni, wake ni wa nne. Tukiruka tunawapita walipo, tunawaambia kwa adabu kabisa kwamba ibada yetu haina nafasi ya mahali wanapoishi. Kisha tunashangaa kwa nini watu wanashangilia kanisani na kuvunjika nyumbani. Wamefundishwa mwanzo na mwisho wa wimbo. Katikati hawajafundishwa na mtu.

Chukueni Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na mara 26 kiitikio kinarudi: kwa maana fadhili zake ni za milele. Iimbeni kwa mtindo wetu wa vidole viwili. Mstari wa kwanza, "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema." Mstari wa mwisho, "Mshukuruni Mungu wa mbingu." Inapendeza, haina kasoro, na bahari ya Shamu haimo! Farao hayumo. Jangwa halimo. Na umeuacha mstari wa 23, ambao mimi juma hili nimeusema mpaka mke wangu ameuzoea: "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu."

Angalieni pia jinsi zaburi hiyo inavyokwenda. Mwimbishaji anasogea, kutoka uumbaji hadi Misri, jangwani, vitani na wafalme, mpaka kwenye chakula cha leo. Waitikiaji hawasogei. Wamesimama pale pale na neno lao moja, milele, milele. Pande zote mbili zinaimba wimbo mmoja! Wewe uko katika mstari wa jangwa, mwenzako yuko kwenye mstari wa urithi, na kiitikio kinachowajibu ni kilekile, hakibadiliki kwa kuwa mmoja amepata na mwingine amekosa. Mhubiri wa Agano la Kale anasema Mungu amefanya kila kitu kizuri kwa wakati wake, tena ameiweka milele ndani ya mioyo yao. Ndugu yangu, ukiimba ubeti wako na kuitikia, yote mawili yamo kinywani mwako kwa pumzi moja. Usikubali mtu akunyang'anye ubeti kwa sababu si wa furaha. Usijinyang'anye mwenyewe.

Huko Halberstadt, Ujerumani, katika kanisa la kale la Mtakatifu Burchard, kuna kinanda kinachopiga kazi moja ya mtunzi Mmarekani John Cage. Kilianza Septemba 2001, kwa kimya cha mwaka mmoja na miezi mitano, na kazi hiyo imepangwa kwisha mwaka 2640. Kuanzia Oktoba 2013 hadi Septemba 2020 sauti haikubadilika hata mara moja. Siku ya badiliko watu hujaa. Mtu anaweza kusema ni wehu, nami sina uhakika kwamba si wehu. Ila nimewaza juu ya mtu aliyeingia humo siku isiyo na badiliko lolote, sema Jumanne moja ya mwaka 2017, akakaa, akasikia sauti ileile ya jana na ya mwaka juzi. Huyo naye alikuwa ndani ya wimbo sawasawa na wale waliokuja siku ya sherehe. Mimi niko kwenye Jumanne hiyo. Wengi wenu mko pamoja nami, mnaniandikia usiku, najua. Mwingine anasubiri mtoto, mwingine anasubiri mume aache pombe, mwingine majibu ya hospitali. Nawaombeni msiharakishe kuingia. Msimwambie Mungu kwamba amesahau kwa kuwa pigo hili ni la kimya. Hata mbinguni, muhuri ya saba ilipofunguliwa, "kukawa kimya mbinguni kama muda wa nusu saa," na hakuna malaika aliyeambiwa aharakishe.

Na Bwana wetu je? Mathayo anaandika kwa mstari mmoja tu, tunaupita mbio kila Kwaresima: "Nao walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni." Desturi ya Pasaka ya Wayahudi ilikuwa kuimba zaburi za sifa, ya 113 hadi ya 118, na zile za mwisho huimbwa baada ya chakula. Tafuteni yaliyomo. "Kamba za mauti zilinizunguka," iko humo. Na mbele kidogo, "Siku hii ndiyo aliyoifanya Bwana, tutashangilia na kuifurahia." Yuda ameshatoka, bustani inamngoja Bwana, naye anaimba wimbo wa kwao wa sikukuu, ubeti kwa ubeti, kamba za mauti kwanza, siku ya Bwana baadaye, kila moja mahali pake. Angekuwa na haki kuliko mtu yeyote kusema muda hautoshi. Aliimba mpaka wakamaliza, ndipo wakatoka.

Nimeshazungumza na mchungaji, amekubali. Jumapili hii wimbo wa baada ya mahubiri una beti sita na tutaziimba zote sita, kwa mwendo wake, kinanda bila ile ngoma ya umeme. Wanaonadi wajue watachelewa kidogo. Mkifika kwenye ubeti ulio wenu, msiunong'one. Na ninyi besi, nawahitaji Jumamosi saa kumi kamili. Yale mapigo mawili ya kimya bado.