Usiku nilioambiwa "ongeza dripu"

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, wodi ya wazazi, zamu ya usiku, wauguzi wawili kwa akina mama 29. Kitanda cha sita alilala mama aliyejifungua kwa upasuaji jioni ile, uzazi wake wa kwanza. Saa 4 usiku mapigo ya moyo yalikuwa 98. Saa 6 yakawa 118, presha 105 kwa 65. Mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye kanga pembeni ya kitanda. Akaniambia, "Nesi mwanangu, huyu anaomba maji kila saa, na hatulii, anajigeuzageuza tu." Nikamjibu ni maumivu ya kidonda. Nikaandika namba kwenye faili, nikampa mgonjwa dawa ya maumivu.

Saa 7 nikampigia daktari wa zamu. Maneno yangu nayakumbuka mpaka leo: "Daktari, samahani kwa usumbufu, yule mama wa kitanda cha sita hali yake siyo nzuri sana." Akauliza presha. Nikasema 100 kwa 60. "Hiyo bado ipo. Ongeza dripu, endelea kumwangalia." Nikaitikia, sawa daktari. Mapigo yalishafika 126, sikuyataja kwa sababu hakuyauliza.

Alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza hata zaidi ya lita moja na presha ikaonekana ya kuridhisha, maana mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Mapigo hutangulia kupanda. Presha ikianza kuanguka, muda mwingi umeshapotea. Kiu, kuhangaika, vidole vya baridi, yote hayo nilifundishwa chuoni. Saa 10 alfajiri presha ilikuwa 70 kwa 40, tukamkimbiza chumba cha upasuaji. Alipona, lakini kizazi kilitolewa.

Sikumlaumu daktari yule na simlaumu sasa. Hakumwona mgonjwa, alichokuwa nacho ni sauti yangu, na sauti yangu haikumwambia kitu.

Muuguzi kiongozi wetu aliniita ofisini, akanipa kalamu. "Niandikie ulichopaswa kusema, kama vile daktari hajawahi kumwona huyo mama." Ndipo akanionyesha mpangilio wa kutoa taarifa za mgonjwa uitwao SBAR (kwa Kiingereza Situation, Background, Assessment, Recommendation), ulioanzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitalini. Unaeleza kinachotokea sasa hivi, kisha historia fupi ya mgonjwa, kisha wewe mwenyewe unafikiri ni nini, mwisho unataka nini kifanyike.

Hayo mawili ya mwisho yalinitesa. Tumezoea kwamba muuguzi anatoa taarifa, daktari ndiye anayefikiri. Kutamka "nadhani anavuja damu, naomba uje sasa" kulinitia hofu kuliko kuchoma sindano ya kwanza. Nilijizoeza kwa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, daftari mkononi, namba zote zimeandikwa kabla sijashika simu. "Samahani kwa usumbufu" nikaifuta kabisa. Na nikiagizwa kitu, nakirudia neno kwa neno ili wote wawili tuwe na uhakika tumesikia kimoja.

Miezi kadhaa baadaye alilazwa mama wa siku ya nne tangu ajifungue, ana homa. Nilipomaliza kupima nilimgeukia shangazi yake. "Shikamoo mama. Wewe unayemjua, leo umemwonaje?"

"Marahaba mwanangu. Tangu adhuhuri anaongea mambo yasiyoeleweka. Ameniita jina la marehemu bibi yake."

Nikaliandika hilo juu kabisa kwenye daftari. Kisha nikapiga. "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nina mama aliyechanganyikiwa ghafla, anapumua mara 30 kwa dakika, mapigo 134, presha 92 kwa 54, joto 39.2. Alijifungua siku nne zilizopita, maji yanayomtoka ukeni yananuka. Nadhani maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje sasa hivi. Naomba pia ruhusa nimuwekee oksijeni na dripu, niandae antibiotiki."

Kimya kidogo. "Anza vyote. Niko njiani."

"Oksijeni, dripu, naandaa antibiotiki, na wewe unakuja," nikarudia.

Nilikuwa bado nafunga plasta ya kanula aliposukuma mlango wa wodi. Shangazi akasogeza kanga yake kumpisha, na daktari, kabla hajafungua faili, akamwuliza yeye kwanza.