Sikusaini, lakini sikutoka chumbani

Juzi nimetoka zamu saa tano usiku, theluji imefika magotini, nikapanda basi nikafungua simu. Nikakuta sauti ya binamu yangu kwenye grupu la ukoo, dakika tatu na nusu. Anasema nimeuza imani yangu kwa dola. Anasema huku Kanada tunachoma wazee sindano za kufa kisha tunapokea mshahara, na kwamba mama akijua kazi ninayofanya ataona haya kunizaa. Watu kumi na wawili wakaweka mikono ya kusali chini yake. Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Dada, ilikuwaje?"

Basi nitasema ilivyokuwa.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Ontario, Kanada. Kazi yangu ni ile ambayo wengi wetu tunaianzia tukifika: kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani kwao. Kuogesha, kubadilisha nepi, kulisha, kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda. Nyumbani mnaita kazi zetu zote kubeba boksi. Mimi sijawahi kubeba boksi hata moja, nimebeba watu.

Mzee niliyekuwa naye alikuwa na miaka 74. Aliendesha malori makubwa miaka 38, Kanada mpaka Marekani na kurudi. Nilipoanza kwenda kwake alikuwa bado anatembea kwa mkongojo. Ugonjwa wake unaitwa ALS, unakula mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Mikono ikaanza, ikafuata miguu, kisha ulimi, kisha kumeza. Akili yake ilibaki nzima mpaka mwisho, anaona kila kinachomtoka. Alitaka nimwite jina lake la kwanza kama wenzangu. Nimelelewa Machame, Kilimanjaro, mtu wa umri wa baba yangu simwiti jina. Nikamwambia nitakuita Mzee, nikamweleza maana yake. Akalipenda.

Siku moja, bado akiwa na sauti kidogo, akaniambia anataka "meidi". Kwa Kiingereza neno hilo ni mtumishi wa ndani, nikamjibu nyumba nitaisafisha mimi mwenyewe, asilipe mtu wa usafi. Alininyamazia kwa muda mrefu, kisha akanieleza polepole. Huku MAID ndilo jina la kifupi la kusaidiwa kufa na daktari. Nilienda jikoni nikafungua maji ya bomba yakamwagika tu, nisisikike.

Usiku ule sikulala, nikaisoma sheria yao kwenye simu. Kuna mama aliyeitwa Sue Rodriguez, alikuwa na ugonjwa huohuo wa Mzee, alikwenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada akaomba ruhusa ya kusaidiwa kufa. Mwaka 1993 alishindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Aliuliza: kama siwezi kuridhia kifo changu mwenyewe, mwili huu ni wa nani? Nani anamiliki maisha yangu? Mwaka uliofuata alikufa, akisaidiwa na daktari ambaye jina lake halikutajwa. Miaka ikapita, mwaka 2015 mahakama ileile, safari hii kwa kauli moja, ikasema katazo hilo linavunja haki za watu, na Juni 2016 sheria ikapita bungeni. Kisha kuna Audrey Parker wa mji wa Halifax, mwenye saratani, aliyekufa Novemba 1, 2018, mapema kuliko alivyotaka. Sheria ya wakati ule ilidai mtu awe na akili timamu hadi dakika ya mwisho, naye aliogopa akisubiri Krismasi atapoteza fahamu na nafasi yake itafungwa. Mwaka 2021 kipengele hicho kikarekebishwa.

Marekebisho hayohayo ya 2021 ndiyo yaliyonifikia mimi. Ombi la mgonjwa lazima liandikwe, lisainiwe, na awepo shahidi mmoja asiyefaidika na kifo chake. Shahidi huyo sasa anaweza kuwa mfanyakazi anayelipwa kumhudumia. Yaani mimi. Mikono ya Mzee ilikuwa haishiki kalamu tena, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumsainia mbele yake na mwingine wa kushuhudia. Wa kusaini alimpata. Akaniomba mimi nishuhudie, kwa sababu, alisema, "wewe unajua kama nimelia au sijalia."

Nilimkatalia.

Sikuamka nikakataa tu. Nilipiga simu ofisini, wakaniambia sheria inakuruhusu na hakuna anayekulazimisha. Nikaongea na mchungaji wetu kwa saa nzima. Mimi bado naamini uhai ni wa Mungu, na sikuwa tayari jina langu liwe chini ya karatasi ile. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikaa kooni, na hili niliwahi kumwambia Mzee uso kwa uso. Sindano ya kufa huku ni bure, bima ya serikali inaibeba yote. Mtu wa kukaa na wewe usiku unapokabwa na mate yako mwenyewe si bure. Serikali ilimpa Mzee masaa ya msaada yaliyohesabiwa, yakiisha naondoka, namwacha na kengele ya kubonyeza. Nyumba za wazee kitanda cha kawaida ni karibu dola 2,000 kwa mwezi na foleni yake ni ndefu. Mwanaye yupo umbali wa masaa manne kwa gari, ana kazi, ana watoto. Nilimuuliza Mzee: ungekuwa na watu nyumba nzima kama kwetu, ungeomba hivi?

Wakati huo sauti ilishaondoka. Tulikuwa tunatumia ubao wa herufi, anatazama herufi, mimi naisoma kwa sauti, akifumba macho nimepata. Alichukua karibu dakika kumi. Aliandika: ningeomba vilevile, ila ningesubiri zaidi.

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo. Wanaotetea sheria hii huchukua nusu ya kwanza, wanaoipinga huchukua nusu ya pili, na Mzee aliyasema yote mawili kwa sentensi moja.

Kwa hiyo msidhani nimekuja kuipigia debe. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hii Kanada, karibu 5 katika kila vifo 100. Wengi wao, kama Mzee, kifo kilikuwa tayari mlangoni. Ila tangu 2021 hata asiye karibu na kufa anaweza kuomba, akichunguzwa kwa siku zisizopungua 90, na hapo mimi na wenye ulemavu wengi wa nchi hii tunaogopa pamoja. Mwaka 2022 magazeti ya huku yaliandika habari za watu waliosema wanaomba kufa kwa kuwa wamekosa nyumba ya kuishi inayofaa miili yao. Mtu anayeomba kufa kwa sababu ya kodi ya nyumba, huyo hajachagua kitu. Amesukumwa. Ugonjwa wa akili peke yake bado haujaruhusiwa, wameahirisha mpaka Machi 2027, na mimi naomba waahirishe tena.

Sasa binamu, nikurudishe nyumbani, kwa sababu wewe na mimi tulikuwepo wote.

Unamkumbuka Mjomba. Mwaka 2013, saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa. Karatasi ya hospitali tuliisoma sisi. Kikao kikakaa sebuleni, wakubwa wakaamua asiambiwe, atakata tamaa. Akaambiwa ni mgongo. Kila asubuhi anauliza, "Mbona mgongo huu hauponi?" na sisi tunamjibu utapona, kunywa uji. Tulimpa panadol. Usiku alikuwa analia mpaka sauti inavuka migomba, majirani wanazima redio kwa heshima. Alipotajwa mtu anayeweza kusaidia kupata morfini, mmoja wetu akasema tutamgeuza mzee wa kanisa awe teja. Mtu aliyebakiza wiki sita! Ng'ambo tu ya ziwa, Uganda, morfini ya maji wanakoroga wenyewe, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 hata muuguzi aliyesomea huduma hiyo anaruhusiwa kuiandika. Sisi hatukuuliza hata bei.

Na lile la mwanaye. Walikuwa wamegombana kuhusu kihamba, shamba la ukoo, miaka minne hawasemeshani. Mjomba alimtaja, akasema mwiteni. Tukamwambia, "Ukipona mtaonana." Angejua anakufa angeng'ang'ania aitwe siku hiyohiyo. Alikufa Alhamisi, kijana akafika Ijumaa. Michango ya msiba ilifika milioni sita kwa siku tatu, ng'ombe wawili wakachinjwa, turubai likatoka Moshi mjini. Nilichanga na mimi. Bado naona aibu kwa hela ile, kwa jinsi ilivyopatikana haraka.

Huku Mzee aliulizwa. Watu wawili tofauti walimpima, daktari na muuguzi bingwa, kila mmoja kwa siku yake, nami nikitolewa chumbani ili asije akasema kitu kwa kunionea haya mimi. Walimweleza dawa zote za kutuliza, mashine ya kupumua, bomba la chakula tumboni. Walimwambia anaweza kubadili nia saa yoyote. Mjomba hakuulizwa hata chai anataka ya maziwa au ya rangi. Ukiniambia huku hakuna utu, niambie basi kile tulichomfanyia Mjomba kinaitwaje.

Nyinyi mnaotuma maombi ya kuja kufanya kazi hii, na inbox yangu imejaa, mnisikilize hapa. Mnaniuliza mtu analipwa kiasi gani kwa saa na kama cheti cha miezi kadhaa kinatosha. Ulizeni pia ofisi itakayokuajiri: mteja akiomba kusaidiwa kufa, mimi nafanya nini? Sera yao iko wapi, imeandikwa? Sheria ya nchi haimlazimishi mtu yeyote kutoa au kusaidia kutoa huduma hiyo, lakini ukikaa kimya watakupangia zamu wasijue msimamo wako, na utajikuta umesimama mlangoni hujui pa kuweka mikono. Usije ukamhubiria mgonjwa. Utapoteza kazi, na kabla ya kazi utakuwa umempoteza yeye. Ukitaka kukataa, kataa jambo lako, usimkatae mtu. Mjiandae pia kulia peke yenu. Hapa hakuna matanga. Mteja akifa saa nne asubuhi, saa nane mchana unapangiwa mwingine.

Jirani ndiye aliyeshuhudia ile sahihi. Mzee hakunikasirikia. Alitazama ubao akauliza: siku hiyo utakuja?

Nilikwenda. Hilo ndilo binamu alilolisikia nusunusu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo dola hapo haikuwepo. Nilimwogesha, nikamnyoa, nikamvalisha shati la miraba alilokuwa analivaa barabarani. Mwanaye alikuja tangu Jumapili, akalala chini kando ya kitanda siku mbili. Walikuwa na siku mbili. Walizungumza kwa ule ubao, na nilipita na ndoo nikamkuta kijana anacheka na machozi yanamtoka. Mjukuu aliimba. Daktari alipofika alikaa kwenye kiti, hakusimama juu yake. Akamuuliza kama bado anataka, akamwambia akikataa sasa hivi atafunga mkoba wake aondoke na hakuna atakayemlaumu. Mzee alifumba macho. Akauliza tena kwa maneno mengine. Akafumba tena.

Kisha akanitafuta kwa macho, nikaleta ubao. Herufi nne tu. M, Z, E, E. Sijui alikuwa anajiita au alikuwa ananiita mimi. Mwanaye alishika mikono, mimi nikashika miguu, ilikuwa baridi kama siku zote. Nikasema Baba Yetu kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu wiki moja kabla niliomba ruhusa yake na akakubali japo yeye hakuwa wa kanisa. Kabla sijafika "utusamehe makosa yetu" alikuwa amelala, na dakika chache baadaye daktari akaandika saa.

Mpaka leo sijui kama Mungu alipendezwa. Namwuliza kila usiku.

Binamu, umesema mama angejua angeona haya. Wewe unajua, na kaka anajua, na mimi najua majibu ya vipimo vya mama vya Januari. Kaka aliandika kwenye grupu dogo, lile asilokuwemo mama: "Mama asiambiwe, tuseme ni presha." Nikaweka dole gumba kama wengine. Mama anakunywa vidonge vya presha na ananiuliza kila Jumapili kwa nini uzito unashuka.

Kesho ni Jumamosi, sina zamu. Kwenu itakuwa saa nne asubuhi nikipiga, atakuwa amemaliza kulisha kuku, ndiyo saa anayokaa nje kwenye benchi. Nitamsomea kilichoandikwa kwenye ile karatasi ya majibu yake, neno kwa neno, kisha nitamuuliza anataka nini. Najua mtanitoa kwenye grupu.