Tulivyompima mwanetu madini ya risasi

Mume wangu ni fundi betri za magari hapa Pasua, Moshi. Kwa miaka mingi karakana yake ilikuwa uani kwetu: anapasua betri chakavu, anayeyusha risasi iliyomo, anaunda upya. Glory, wa miaka mitatu, alikuwa akicheza palepale na udongo anautia mdomoni. Hakuwa anaumwa. Ndiyo ubaya wa risasi: mtoto anakimbia na kucheka huku ubongo unadhurika, na madhara hayo hayarudishiki.

Zahanati walimpima malaria na choo, wakasema yuko salama. Nikaenda hospitali kubwa, nikaeleza kazi ya baba yake kinagaubaga. Daktari aliposikia betri aliacha kuandika. "Mama, hili la betri utaje kila unapomleta, hata akija kwa mafua."

Walianza na tone la kidole. Muuguzi alimsugua mikono kwa sabuni, akaisuuza vizuri, ndipo akapaka spiriti, maana vumbi kidogo la risasi kwenye ngozi hupandisha majibu. Yakatoka juu, ikabidi yathibitishwe kwa damu ya mshipani. Nilimpakata, nimemshika mkono, namtajia majina ya ng'ombe wa bibi yake kule Kibosho hadi kichupa kikajaa. Alilia, lakini hakuuchomoa mkono.

Majibu: maikrogramu 19 za risasi kwa desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe; dawa za kutoa risasi mwilini kwa mtoto ni kuanzia 45. Glory akapewa madini ya chuma tu, kwa kuwa damu yake ilikuwa pungufu, na mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi. Kilichobaki kilikuwa juu yetu.

Baba Glory aligoma mwanzoni kuhamisha karakana kwa sababu ya kodi ya kibanda. Nilimsomea majibu mstari kwa mstari, akahama. Sasa anaoga na kubadili nguo hukohuko kazini, ovaroli haivuki mlango. Uani tumemwaga zege. Ndani sifagii pakavu, nadeki.

Kipimo cha marudio kimesoma 11. Kinashuka taratibu, kwani risasi iliyojificha mifupani hurudi kwenye damu kidogokidogo, hivyo ataendelea kupimwa. Jirani yangu wa nyuma, ambaye shemeji yake naye anafufua betri uani, amekubali kuwapeleka wanawe. Kikundi chetu cha vikoba kinamchangia pesa ya maabara.