Elfu hamsini ya tangazo

Programu yangu ya kikoba inafanya kazi moja tu: kuhesabu hisa, mikopo na marejesho ya kila Jumamosi. Niliitengeneza baada ya kumwona mama akifuta na kuandika upya daftari la kikundi chao mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki iliyopita niliweka shilingi 50,000 kwenye tangazo mtandaoni. Likakataliwa mara mbili, eti ni huduma ya mikopo. Mimi simkopeshi mtu hata senti! Lilipopita, watu 312 walibonyeza, wanne wakapakua. Na nilichagua Dar es Salaam, lakini wengi waliobonyeza wako nje ya nchi. Imeniuma sana; hela ile ilikuwa ya bando la mwezi mzima.

Kesho alfajiri naenda soko la Mabibo na simu yangu mkononi. Muuza nyanya mmoja ameniahidi dakika kumi kabla wateja hawajajaa.