Nilivyoielewa F = ma kwa mizani ya samaki na toroli, Kirumba

Mwaka jana nilikuwa narudia mtihani wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, nina miaka 27, nauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na somo lililonikaba lilikuwa moja tu, Fizikia. Kozi ya afya ninayoitaka inadai Baiolojia, Kemia na Fizikia, hizo mbili nilishazipata mara ya kwanza lakini Fizikia nilipata F, na kwa kweli sikushangaa maana shule niliyosoma tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo, tukawa tunanakili daftari za waliotutangulia, tunakariri, basi.

Fomula niliijua kama jina langu. Fosi (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni sawa na masi (kiasi cha kitu, kwa kilo) mara mchapuko (acceleration, nitaueleza chini). Ungeniamsha usiku ningekutajia. Lakini nikipewa swali dogo kama hili, gari la kilo 1,000 linakwenda kwenye barabara iliyonyooka, mwendo haubadiliki, mita 20 kila sekunde, fosi ya jumla juu ya hilo gari ni kiasi gani? mi nachukua 1,000 nazidisha na 20 naandika 20,000 na nakuwa na uhakika kabisa. Jibu ni sifuri. Mwalimu wa tuisheni alinikata mara tatu swali la aina hiyo na kila mara alinieleza, naitikia ndiyo mwalimu nimeelewa, nikifika nyumbani naona bado kichwa kinakataa. Sifuri vipi na gari linatembea? Kitu kinatembeaje bila kusukumwa? Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu lote, hesabu zilikuwa hazinisumbui.

Kilichonifungua ni maneno ya kijana anayetubebea mizigo kwa toroli pale sokoni. Siku hiyo ameshusha viroba vyangu, jasho linamtiririka, nikamwambia pole mdogo wangu, naona mzigo leo mzito. Akasema, "Asante dada. Ila mzigo wenyewe unanimaliza pale kuuanzisha tu, ukishashika mwendo ni kama umepungua. Alafu kuusimamisha nako ni shughuli nyingine, hasa huku chini kwenye mteremko."

Nikakaa na hayo maneno siku nzima. Viroba ni vilevile, toroli ni lilelile, hakuna kilichopungua. Kwa hiyo kwa nini kuanza kuwe kazi na kuendelea kuwe nafuu? Na kusimamisha kitu ambacho kinakwenda chenyewe kwa nini nako kudai nguvu?

Jumapili mchana soko limepoa, nikaomba ruhusa kwenye ghala tunalohifadhia, lina sakafu ya simenti. Nilikuwa na mizani yangu ndogo ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoano na mshale, inaishia kilo 10, naitumia kupimia wateja wa rejareja. Nikamwita yule kijana aje na toroli. Tulilipima lenyewe kwenye mizani kubwa ya ghala likawa kilo 20 tupu. Sehemu ya sakafu iliyo sawasawa ilikuwa mita 4 na nusu tu kabla hujafika kwenye mfereji, tukachora mstari wa chaki mwanzo na mwisho. Nikajifunga kanga kiunoni, ndoano ya mizani nikaipachika mbele ya toroli, mi navuta nikiangalia mshale, yeye ameshika simu anapima sekunde.

Kwanza nikavuta polepole kwa hatua za sawasawa. Mshale ukakaa kwenye kilo 1. Nikarudia kwa mwendo wa haraka kidogo ila wa sawasawa pia, mshale ukarudi palepale kwenye 1. Hapo tu nikaanza kusisimka, maana nilitegemea nikienda haraka mshale upande. Haukupanda. Hiyo kilo 1 ni msuguano, matairi na sakafu na ekseli, ndio kitu pekee nilichokuwa napambana nacho. Mi navuta mbele kilo 1, msuguano unavuta nyuma kilo 1, zinafutana, kinachobaki ni sifuri, na toroli linatembea vizuri tu. Lile gari la kilo 1,000 ndio hilo hapo. Injini inasukuma, upepo na barabara vinazuia kwa kiasi kilekile, jumla sifuri, mwendo unabaki ulivyo. Sikuamini kwamba jibu nililokataa miezi yote nimelivuta kwa mkono wangu.

Alafu nikasema sasa nivute mshale ukae kwenye kilo 3 mwanzo mpaka mwisho. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Nilidhani nikishika 3 nitatembea mwendo mmoja, wa kasi kidogo kuliko ule wa kwanza. Hapana. Nikitembea hatua zilezile mshale unashuka, unarudi kwenye 1. Ili ubaki kwenye 3 ilibidi niongeze hatua, alafu niongeze tena, alafu tena, mpaka nafika kwenye chaki ya pili ninakimbia na kanga inataka kufunguka. Fosi iliyozidi msuguano haikunipa mwendo, ilinipa kuongezeka kwa mwendo. Kila sekunde inapita mwendo unazidi. Ukiacha kuzidisha mwendo, fosi ya ziada haipo tena mkononi.

Na ndipo nikalipenda neno mchapuko, ambalo kwenye daftari niliona ni neno gumu la vitabu. Mama alikuwa akituambia chapua miguu giza linaingia, hakuwa na maana muwe na mwendo fulani, alitaka mwendo mlionao muuongeze. Mchapuko ni hicho, mwendo umeongezeka kiasi gani kwa kila sekunde. Gari linaweza kuwa na mwendo mkubwa sana na mchapuko sifuri, na toroli lililosimama linaweza kuwa na mchapuko mkubwa pale linapoondoka. Mi nilikuwa navichanganya hivi vitu viwili, ndio maana nilizidisha 1,000 na 20.

Namba zetu sasa. Fosi inapimwa kwa nyutoni, na kilo 3 kwenye mizani ukizidisha na 10 ni kama nyutoni 30, toa msuguano nyutoni 10, zinabaki 20. Masi kilo 20. Gawanya, mchapuko ni 1, yaani kila sekunde mwendo unaongezeka mita 1 kwa sekunde. Kwa mita 4.5 ukianza ukiwa umesimama inatakiwa sekunde 3, maana mwendo unakua kutoka 0 mpaka 3, wastani wake ni 1.5, na 1.5 mara sekunde 3 ni 4.5. Simu ilisoma 3.1, tukarudia 2.9, tukarudia 3.2. Mshale ulikuwa unachezacheza lakini angalia zilivyo karibu.

Tukapakia dagaa kilo 20, jumla ikawa 40. Msuguano nao ukapanda, mshale ukasoma 2 kwenye mwendo wa sawasawa, kwa hiyo ili nibaki na zile nyutoni 20 za ziada nikavuta kwa kilo 4. Masi imezidi mara mbili, fosi inayobaki ni ileile, mchapuko unatakiwa uwe nusu. Nikamwambia kijana sasa itakuwa sekunde 6. Ikaja 4.4. Tukarudia, 4.2. Nikakasirika kabisa nikadhani nimekosea mahali au fomula haifanyi kazi kwenye simenti ya Kirumba. Nikakaa juu ya kiroba na daftari karibu nusu saa. Kumbe kosa lilikuwa langu la kudhani mchapuko ukiwa nusu basi muda ni mara mbili. Umbali unafuata nusu ya mchapuko mara muda mara muda tena, muda unahesabiwa mara mbili kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo mwendo unavyokuwa umekua. Ukiweka 4.5 na mchapuko 0.5 unapata muda unaozidishwa wenyewe kwa wenyewe ni 18, na kipeuo cha pili cha 18 ni kama 4.24. Jamani. Simu ilisema 4.2! Nilimwonyesha yule kijana nikamweleza akasema dada hiyo ni sawa, mzigo ukizidi mara mbili sichelewi mara mbili, ningekuwa nachelewa hivyo mabosi wangenifukuza.

Mwisho tukavuta mzigo uleule kwa kilo 6, toa 2 za msuguano, zinabaki nyutoni 40 kwa kilo 40. Muda ukarudi 3.1 kama toroli tupu. Fosi mara mbili, masi mara mbili, mchapuko uleule.

Kingine kilichokuwa kinaniangusha ni kilo na nyutoni. Sisi sokoni tunasema uzito kilo 5, kila mtu anaelewa, hakuna shida. Ila kwenye Fizikia kilo ni masi, kiasi cha kitu chenyewe, na uzito ni fosi ambayo dunia inakivuta, inapimwa kwa nyutoni. Mtihani kwa kawaida unakupa uzidishe na 10. Kwa hapa Mwanza tuko karibu na ikweta na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, namba halisi ni kama 9.78, London ni kama 9.81, kwa hiyo kiroba hichohicho cha dagaa kina masi ileile kote kuwili lakini hapa kinavutwa kidogo pungufu.

Tangu hapo nikawa naviona hivi vitu kila mahali. Nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga naangalia nahodha anavyoanza kupunguza mapema kabla ya kufika gatini, zamani niliona ni uzembe tu wa kuchelewesha watu. Tuseme kivuko kina tani 200 na mwendo wa mita 4 kwa sekunde, anataka kisimame kwa sekunde 40, mwendo unapungua 0.1 kila sekunde, zidisha na kilo 200,000 unapata nyutoni 20,000 za kukizuia. Mtumbwi wa kilo 400 wenye mwendo huohuo ukisimamishwa kwa sekunde 4 tu, ambazo ni chache mara kumi, unahitaji nyutoni 400. Ndio maana mvuvi anasimamisha mtumbwi kwa kasia, na nahodha hawezi kusubiri mpaka aione nguzo.

Newton, mwanasayansi Mwingereza ambaye nyutoni zimepewa jina lake, aliichapisha sheria hii ya fosi na mchapuko mwaka 1687 na hakuwa na simu ya kupimia sekunde, hilo nalifikiria mara nyingi.

Mtihani nilifanya Novemba. Kulikuwa na swali la kitu kinachovutwa kwenye sakafu yenye msuguano, nikatoa msuguano kwanza, nikagawanya kwa masi, mkono hautetemeki. Matokeo yalipotoka nilipata C.

Kama kuna anayetaka kujaribu nyumbani, laza mizani kwanza kabla hujavuta na uangalie mshale, maana ikilala ule uzito wa ndoano hauivuti tena na mshale unaweza kutoka kwenye sifuri kidogo, yangu ina skrubu ya kurekebishia. Msuguano upime upya kila ukiongeza mzigo, usitumie ule wa toroli tupu. Na vuta angalau mara tatu, ile ya kwanza mkono unakuwa bado haujazoea kushika mshale sehemu moja.